Pete Zilizokataa Maji

Fundi Mnara alikuwa mfupi, mfupi wa kweli. Jina la Mnara alibandikwa na watu wa banda la asidi siku ya kwanza walipomwona amesimama chini ya mnara wa kuoshea gesi, shingo kaikunja nyuma, anautazama kama kuku anavyomtazama mwewe. Walicheka wiki nzima. Miaka ishirini na sita baadaye hakuna aliyekumbuka kuwa lilikuwa jina la dhihaka. Mnara ulikuwa wake, na lile neno la mbele, Fundi, lilikuwa lake zaidi. Meneja alimwita hivyo. Mwenye duka getini alimwita hivyo. Hata mkewe, akiwa na hasira naye, alisema, "Haya, Fundi, leo utajipikia."

Kiwanda kilikuwa cha nyaya na mabati. Chuma kabla hakijavishwa zinki hutoswa kwenye asidi ya moto ili kutu itoke, na asidi ya moto hutoa mvuke unaokwangua koo. Feni kubwa iliuvuta mvuke huo kutoka bandani, ikauingiza chini ya mnara, na maji yakanyunyizwa kutoka juu. Katikati palikuwa na pete, maelfu ya pete za udongo wa kuchoma, kila moja kama kipande cha bomba kisichozidi kidole gumba. Pete hazina kazi nyingine ila kuyazuia maji yasishuke mbio. Yakigusa pete yanatandaa, yanakuwa ngozi nyembamba. Gesi inapopanda inajisugua kwenye ngozi hiyo, asidi inabaki majini, hewa inatoka juu ikiwa safi. Lakini maji yakijikusanya upande mmoja, gesi inapita upande wa pili kama jirani mliyenuniana, haisalimii, inatoka dohanini na kwenda kukaa kwenye vifua vya watu.

Kila baada ya miaka miwili Fundi aliufungua mnara, akatoa pete zilizovunjika, akajaza nyingine. Pete za udongo ukizimwaga kavu kutoka juu zinapasuka, na vipande vinaziba njia. Kwa hiyo yeye alijaza maji kwanza mpaka shingoni mwa mnara, kisha akainamisha ndoo taratibu. Pete zilizama zikijizungusha, zikatua chini bila kelele, kila moja imelala inavyotaka. Hakuzipanga. "Ukizipanga kama matofali," alisema, "maji yanapata njia ya mkato." Hakumruhusu mtu mwingine kuishika ndoo ile.

Sasa, Fundi alikuwa na mkwe, mume wa binti yake.

Uadui wao haukuanzia kiwandani. Ulianzia mezani nyumbani kwa Fundi, miaka minne nyuma, wiki ya tatu ya ndoa. Fundi alikuwa akiwasimulia wageni jinsi pete zake zinavyosafisha gesi. Kijana akaweka kijiko chini, akasema kwa adabu zote, "Samahani, Baba. Si pete zinazosafisha, ni maji. Pete ni za kuyatandaza tu." Ilikuwa kweli. Ndiyo maana haikusameheka.

Mwaka huu kijana huyo akaletwa kuwa injinia wa kiwanda. Alikuja na kompyuta begani na suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Nyumbani alimwita mkwewe Baba, kazini alimwita Fundi. Fundi naye nyumbani alimwita Mkwe, na kazini hakumwita chochote. Kati yao alikuwa binti. Yeye alifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda, na ndiye aliyepanda ngazi za mnara na chupa zake kupima gesi inayotoka juu. Binti wa huyu, mke wa yule, na tarakimu zote za mnara zilipita mkononi mwake.

Jumamosi moja lori lilishusha mifuko mikubwa myeupe. Fundi alipasua mmoja, akatoa pete nyepesi ya plastiki, imetobolewa madirisha ubavuni, na ndani ina vijibavu.

"Hii ni nini?"

"Pete mpya," Injinia akasema. "Zile za udongo tunaachana nazo. Hizi hazivunjiki, gesi inapita kwa raha, feni haichoki. Nafasi ya maji kutandaa ni kubwa zaidi."

"Na zangu ziko wapi?"

"Tumezitoa mnarani usiku, nimezimwaga kwenye mashimo ya barabara, pale getini. Angalau sasa magari hayarukiruki."

Fundi alitazama getini. Lori lile lile lilikuwa linatoka, na chini ya magurudumu yake pete za miaka ishirini na sita zilikuwa zinalia kama mtu anatafuna karanga.

"Zijazwe leo," Injinia akasema, akashika njia kwenda kikaoni.

Hakusema zijazwe vipi. Na Fundi hakuuliza, maana kumuuliza yule kungekuwa kumpa kiti chake akalie. Mikono ikafanya ilichozoea. Akafungua maji, mnara ukajaa mpaka shingoni, akapanda juu, akainamisha mfuko wa kwanza taratibu kama anamlaza mtoto.

Pete zikaelea.

Alijua plastiki inaelea, nani asiyejua? Ila hizi zilikuwa na matundu, na aliamini kitu chenye matundu kitajaa maji na kuzama. Akaongeza mfuko wa pili ili uzito uzisukume. Wa tatu. Kufika wa tano pete zilikuwa zinafurika mdomoni mwa mnara, zinadondoka uani kwa kudundadunda, na watu wa banda la asidi wametoka nje wote. Mkubwa wao, ambaye kwa kutovua viatu vyake vya mpira hata siku za kiangazi aliitwa kwa jina lao, yaani Buti, alikuwa amejishika mbavu, anacheka na kukohoa kwa pamoja.

"Fundi! Unachemsha maharage huko?"

Injinia alirudi kutoka kikaoni, akasimama katikati ya ua, akatazama juu. Akacheka. Hakucheka kwa kejeli ya kificho, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mzee," akasema, "hizo ni plastiki. Mtoto anayeogeshwa kwenye beseni anajua zinaelea. Toa maji, zimwage kavu, hazivunjiki. Na shuka polepole, Mzee, usije ukaanguka."

Mzee. Mara mbili, mbele ya watu wote. Neno lenyewe si tusi, kuna watu wanalitafuta. Lakini Fundi alijua maana yake kiwandani. Mzee ni yule anayekaa kwenye benchi getini akisubiri barua ya kumpumzisha. Kufika Jumatatu asubuhi, watu walikuwa wameshaongeza la kwao. Walimwita Boya.

Jumatatu hiyo hiyo mnara uliwashwa. Pete zilikuwa zimemwagwa kavu, mnara umejaa. Binti akapanda na chupa zake, akarudi maabara, akatoka na karatasi, uso mkavu.

"Mia na tisini," akasema.

"Haiwezekani," mumewe akasema.

"Mwisho unaoruhusiwa ni hamsini. Zile za udongo, zikiwa zimechoka, zilitupa arobaini na tano. Hizi zimetupa mia na tisini."

"Chupa yako chafu."

"Chupa yangu chafu?"

"Rudia."

Alirudia mara tatu. Injinia akafungua pampu mpaka mwisho, maji yakanguruma ndani. Mia na themanini. Siku hiyo hapakuwa na upepo. Mvuke ulitoka dohanini, ukakosa pa kwenda, ukashuka pale pale uani, na watu wakafunga pua kwa mashati. Alhamisi saa nane wakaguzi wa serikali walikuwa wanakuja na kipimo chao wenyewe. Wakikuta zaidi ya hamsini, banda la asidi linafungwa, na bila banda la asidi hakuna kiwanda.

Fundi alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma.

"Labda hazijasoma kile kitabu chako," akasema.

"Mzee, kama huna la kusaidia, kakae."

"Nimeshakaa. Huoni nimekaa?"

Mchana, feni ilipozimwa, watu walipokwenda kula, alifungua tundu la ubavuni, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa pete. Maji yalikuwa yanapita humo tangu asubuhi, lakini ile pete ilikuwa kavu. Matone mawili matatu yalikuwa yamesimama juu yake kama jasho kwenye pua ya mtu, na alipoiinamisha yalidondoka, hayakuacha hata alama. Akaisugua kwa dole gumba. Ilikuwa na utelezi, mafuta ya huko ilikotengenezwa. Aliwahi kununua beseni jipya lenye utelezi kama huo, na maji yalikataa kulishika mpaka mkewe alipolisugua.

Kwa hiyo ndivyo. Nafasi kubwa ya kutandaa ilikuwepo, kitabu hakikudanganya. Ila maji yalikuwa hayaitaki. Yalikimbia kati ya pete kwa michirizi, na gesi ikapanda pembeni bila kuguswa.

Akatia pete mbili mfukoni, akafunga tundu. Hakumwambia mtu. Mnara ukishindwa Alhamisi, plastiki zitatupwa, udongo utarudi, na udongo hauna mtu mwingine ila yeye. Hesabu ilikuwa fupi namna hiyo. Kazi yake ilikuwa kunyamaza siku tatu tu, na kunyamaza alikuweza.

Nyumbani alichukua pete moja, akaisugua kwa sabuni na mswaki wa kufulia, akaisuuza sana. Akaziweka zote mbili chini ya bomba la jikoni. Kwenye ile chafu maji yalikimbia. Kwenye ile safi yalitandaa, yakazunguka kila kijibavu, pete ikang'aa nzima kama imepakwa vanishi. Akasimama pale mpaka mkewe akauliza kama maji ni ya baba yake.

Jumanne jioni, jua bado liko juu ya mapaa, binti alipita kumsalimia mama yake akitoka kazini. Akaingia jikoni kunywa maji. Fundi alimsikia kimya, kimya kirefu kuliko cha mtu anayekunywa maji, kisha akasikia bomba likifunguliwa. Alipofika mlangoni, binti alikuwa ameshika zile pete mbili, moja kila mkono, chini ya maji.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Tangu lini unajua?"

"Najua nini?"

"Baba, usinifanye mjinga. Mimi ndiye niliyepanda ngazi zile mara kumi na moja tangu jana. Mume wangu halali. Buti leo ametolewa bandani kashikwa makwapa, anakohoa mpaka macho yanamtoka. Na wewe pete iko hapa dirishani, imeoga."

"Mume wako ana elimu. Aitumie."

"Sikuuliza habari ya elimu yake."

"Alinicheka mbele ya watu! Ananiita Mzee!"

"Sasa Buti ndiye aliyekuita Mzee?"

"Buti alisema nachemsha maharage."

Binti hakucheka. Alifunga bomba. "Alikosea kukucheka, na nilimwambia usiku huo huo, tukanuniana. Lakini Alhamisi wakifunga, wanafunga wote. Niambie la kufanya, nimwambie. Sitasema limetoka kwako, kama hilo ndilo linalokuuma."

Fundi alimtazama. Alikuwa na macho ya mama yake, hayapepesi. Na hapo roho mbaya ikampitia, si ya kelele, ni ile ya polepole inayokuja na tabasamu.

"Zinataka sabuni," akasema. "Mwambie azipe sabuni."

"Ndivyo tu?"

"Ndivyo tu."

Binti aliondoka na zile pete mkobani. Mkewe Fundi, aliyekuwa akikunja nguo sebuleni, hakuinua kichwa.

"Umemwambia yote?"

"Nimemwambia alichouliza."

Maana kulikuwa na lililobaki. Miaka mingi nyuma mfagiaji alimwaga kwa bahati mbaya ndoo ya maji ya sabuni kwenye tangi la mnara, feni ikiwa inazunguka. Mnara ulitapika povu nusu siku. Gesi inayopanda kwenye maji ya sabuni ndani ya pete elfu nyingi hufanya kazi ya mapovu bora kuliko mtoto na bomba lake la kupuliza. Ndoo moja tu. Pete zinaoshwa nje, kwenye mapipa, zinasuuzwa mpaka povu liishe, ndipo zinarudi. Injinia hakuwa na jinsi ya kulijua hilo. Fundi alilala vizuri.

Jumatano saa mbili asubuhi Injinia aliagiza mifuko miwili ya sabuni ya unga, ile ya kilo ishirini na tano. Akaimimina yote tangini. Akafungua mfuniko wa juu wa mnara ili aone pete zinavyolowana, akauacha wazi. Binti alikuwa juu pia, kwenye kijukwaa cha dohani, chupa mkononi, tayari kupima. Kumbe hakupewa taarifa kuwa feni itawashwa pamoja na pampu. Fundi alimwona amepanda, akataka kusema kitu. Mkono wa Injinia ukabonyeza swichi.

Kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini hakuna kilichotokea. Kisha mnara ukapiga mbweu.

Povu lilitoka juu, jeupe, zito, kama maziwa yanayochemka yamesahauliwa. Likaanza kushuka ubavuni. Halafu likaja kwa nguvu, na pete nazo, maana plastiki ni nyepesi na juu hapakuwa na wavu wa kuzishika. Wavu wa zamani Injinia aliutupa pamoja na udongo. Pete ziliruka kutoka mdomoni zikiwa zimevaa povu, zikaangukia paa la banda, paa la ofisi, kofia ya mlinzi. Povu likajaa ua mpaka magotini. Buti akatoka bandani, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akarudi ndani na kufunga mlango.

"Zima!" Injinia akapiga kelele. "Zima feni!"

"Swichi iko wapi? Imefunikwa!"

Fundi alicheka. Alicheka kwa tumbo zima, kicheko alichokuwa nacho tangu Jumamosi, kikatoka chote. "Injinia!" akaita, "mtoto kwenye beseni anajua sabuni inatoa povu!" Na watu wakacheka naye, watu wale wale.

Kisha akamwona binti akishuka ngazi. Alikuwa anashuka kwa mkono mmoja. Povu lile halikuwa la kufulia. Lilikuwa limebeba asidi ya gesi nzima ya asubuhi, na lilikuwa limemmwagikia mkono wa kulia kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Alifika chini, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la ukutani, akauweka mkono chini ya maji, akaukazia macho. Ngozi ilikuwa nyekundu. Hakulia.

Kicheko kilimkauka Fundi mdomoni.

Meneja alifika akiinua miguu juu kama korongo, viatu vyeusi vimegeuka vyeupe.

"Nani? Nani aliyetoa hili wazo la sabuni?"

Injinia alikuwa amelowa, miwani haina kioo kimoja. Alitazama huku na huku. "Sabuni aliisema yeye," akasema, akanyoosha kidole kwa mkewe.

Uani vilisikika vipovu tu vikipasuka.

"Mpimaji," Meneja akasema, "kazi yako kupima. Nani alikutuma ukafundishe watu minara? Na wewe uliisikia wapi hiyo sabuni?"

Binti aligeuza kichwa, akamtazama baba yake pale ukutani. Hakumtazama kwa kumwomba kitu. Alimtazama kama anavyotazama chupa, kuona imefika mstari gani.

Fundi akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, matatu tu, *ni mimi niliyemwambia*. Yalifika mpaka kwenye meno. Akaona watu, akaona Injinia, akaona benchi la getini. Mdomo ukafungika.

"Niliiota," binti akamwambia Meneja.

"Uliiota! Basi kesho wakaguzi wakitufungia, kusanya vitu vyako, ukaotee kwenu."

"Nimesikia."

Hapo ndipo Fundi akaondoka ukutani. "Nipeni mnara mpaka kesho saa nane," akasema. Sauti haikuwa yake. "Mimi naujua."

"Na sharti?" Meneja akauliza, maana alimfahamu.

Alikuwa na sharti, alilitunga tangu Jumamosi. Injinia abebe mifuko. Lakini alipolisema halikuwa na utamu aliotegemea.

Walifanya kazi Jumatano yote. Walimwaga maji yote ya sabuni tangini, wakafungua tundu la chini, wakazikokota pete kwa majembe, wakazitia kwenye mapipa ya maji ya moto na sabuni, wakakoroga kwa mabomba ya chuma. Injinia alikunja mikono ya shati, akabeba. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno la heri.

"Hii bado," Fundi alisema, akimrudishia ndoo.

"Imesuuzwa mara tatu."

"Tia kwenye chupa, tikisa."

Injinia akatikisa. Povu. Akarudi bombani. Akiwa ameinama akasema, bila kugeuka, "Ulijua itatapika."

"Uliniuliza?"

"Mke wangu alikuwa juu pale."

"Na wewe ulimnyooshea kidole."

Hapo wote wawili wakarudi kwenye mapipa, maana kila mmoja alikuwa ameshika ncha yake ya uchafu, na hakuna aliyeweza kuvuta bila kuvutwa. Wakaosha mpaka jua likazama.

Alhamisi asubuhi Fundi alizimwaga pete kavu, kidogo kidogo, kupitia mrija wa turubai ili zisirundikane katikati. Juu akafunga wavu mpya aliouchomelea mwenyewe kwa chuma kisichoshika kutu. Saa tano akafungua maji bila feni, akachungulia kwa tochi kupitia tundu la ubavuni. Pete zote zilikuwa zinang'aa. Hapakuwa na michirizi. Kila kijibavu kilikuwa na ngozi yake ya maji.

Saa nane wakaguzi wakaja, wawili, na kisanduku chao. Wakapanda. Binti akapanda nyuma yao na chupa zake, mkono wa kulia umefungwa bandeji nyeupe mpaka kiwikoni, chupa kazishika kwa kushoto. Chini watu walisimama wameinua nyuso. Kisanduku kilisema ishirini na tisa. Chupa ya binti ikasema ishirini na nane.

Banda zima lilipiga makofi. Buti alipiga mluzi kwa vidole. Meneja alimshika Fundi bega. "Kumbe fundi ni fundi!" Na Injinia, kwa sababu Meneja alikuwa anamtazama, akanyoosha mkono, taya limemkaza.

"Asante, Fundi," akasema.

Lile neno. Mbele ya watu wote waliosikia lile jingine. Fundi aliupokea mkono, na kichwani alikuwa anahesabu. Ishirini na nane. Pete za udongo, zikiwa mpya kabisa, zikimwagwa na mkono wake mwenyewe kwenye maji, hazikuwahi kushuka chini ya thelathini na nane. Na hizi hazivunjiki. Hakutakuwa na kufungua kila miaka miwili. Hakutakuwa na ndoo.

Alikwenda maabara. Chumba kilikuwa kidogo, meza nyeupe, mizani ndani ya kijisanduku cha kioo, harufu ya spiriti. Binti alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zisizonyooka, kama za darasa la kwanza.

"Mwanangu," akasema.

"Karibu, Fundi."

Alisimama pale mlangoni. Alidhani hakusikia vizuri.

"Mkono unaendeleaje?"

"Mambo ya mkono yako zahanati. Hapa tunaandika mnara." Aligeuza kitabu, akakisogeza mbele, akaonyesha kwa ncha ya kalamu. "Aliyejaza pete, jina na sahihi. Hapa, Fundi."

Akatia sahihi. Kalamu ilikuwa inateleza.

"Nilitaka kusema jana," akasema. "Pale kwa Meneja. Nilitaka kusema."

"Hukusema."

"Jumapili utakuja?"

"Nitakuja kwa mama."

Alisubiri. Binti alichukua chupa nyingine, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma, akaandika. Fundi akarudi nyuma hatua moja, mkono kwenye kitasa. Nje mnara ulikuwa unanguruma taratibu, sauti ya maji yanayotandaa, sauti nzuri.

"Fundi," binti akasema bila kuinua macho, na yeye akageuka haraka. "Funga mlango. Upepo unachezesha mizani yangu."

Akaufunga, yeye akiwa nje.